Duka la Vioo na Gauni la Oliva

Nyumba ikivunjwa, vumbi lake hutoka na harufu ya maisha ya mle ndani. Sikulijua hilo mpaka mwezi uliopita, walipoanza kuangusha Duka la Vioo hapa mjini Sumbawanga, nami nimekaa ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai mkononi. Katapila lilipougusa ukuta wa mbele, likatoka wingu jekundu, watu wakaziba pua kwa mitandio. Mimi nikavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya jora jipya la kitambaa cha marekani, mafuta ya taa, sabuni ya mche, na ngozi ya viatu ambavyo havijakanyaga kitu. Duka lile lilikuwa halijauza jora la kitambaa kwa miaka mingi, lakini kuta zilikuwa zimeitunza harufu yake. Nikarudi utotoni palepale kwenye kiti cha plastiki, na sikurudi kwa furaha.

Nyinyi wa umri wangu mlioshuka mjini enzi zile mnalikumbuka. Vijana niacheni niwaambie. Kabla ya maduka haya ya simu na vocha, Ufipa nzima ilikuwa na duka moja tu ambalo mtu akirudi kutoka mjini aliulizwa kwanza, "Umepita?" bila hata kutajiwa jina lake. Baba yake mwenye duka alianza na punda, akipandisha chumvi kutoka bonde la Rukwa. Mtoto ndiye aliyejenga ghorofa. Vioo vya mbele vililetwa kwa lori kutoka Mbeya, vimezungushiwa mablanketi kama wagonjwa, na watu waliacha kazi zao kwenda kuvitazama vikishushwa. Kikubwa kimoja kilikuwa kipana kuliko mlango wa kanisa letu. Jumapili watu walitoka misa wakaenda kusimama pale mbele, wengine kutazama bidhaa, wengi kujitazama wenyewe. Kijijini kwetu, upande wa Kaengesa, kioo kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja. Mtu aliujua uso wake. Miguu yake hakuwahi kuiona ikitembea.

Ndani, chini kulikuwa na vyombo vya enameli, majembe, taa za chemli, baiskeli zilizoning'inizwa darini. Juu kulikuwa na nguo, na mafundi wa cherehani wamejipanga mstari karibu na madirisha. Na fundi wa juu alikuwa na sheria moja ambayo ndiyo iliyoyaharibu maisha yangu: hakupokea kamba.

Nieleze. Kwetu mtu hakumpeleka mtoto mjini kupimwa nguo. Ni mbali, na mtoto ana kazi. Mama alichukua kamba ya gome, akampima mtoto, akapiga fundo begani, fundo kiunoni, fundo chini ya goti. Anayekwenda mjini anabeba kamba, fundi wa barazani anashona kwa kamba. Kila mtoto alikuwa na kamba yake, imening'inia juu ya moto, nyeusi kwa moshi. Ukikua, fundo linashushwa. Katika nyumba yetu zilining'inia kamba yangu na ya Oliva, pamoja na za wadogo zetu.

Oliva ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Baba yake alikufa angali mchanga, mama yake akaolewa kwingine, baba yangu akamchukua. Alinizidi umri kidogo lakini miili yetu ilikuwa sawa. Tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja, na tulipomaliza darasa la nne majina yetu sote wawili yalitoka, tuende kwenye shule ya bweni ya masista. Katekista ndiye aliyeyasoma baada ya ibada. Mama alipiga vigelegele viwili, kimoja kwa kila jina. Baba alitazama shamba.

Msimu ule tulilima kama watu waliofukuzwa. Sisi Wafipa tunafukia majani ndani ya matuta ya mviringo, tunaita intumba, yaoze ndipo ulezi ukipandwa uote vizuri. Nililima intumba mpaka viganja vikawa vigumu kama nyayo. Baba alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Lima, mama, ulezi huu ndio shule." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hakusema shule ya nani. Sikuuliza, kwa sababu mtu haulizi kama jua litakalochomoza ni lake.

Ulezi ukauzwa. Siku moja jioni baba akaniambia, "Keshokutwa tunakwenda Sumbawanga, ukapimwe gauni la shule. Duka la Vioo."

Sikulala. Lakini asubuhi ya safari Oliva akaamka anachechemea. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa, majani yaliyotwangwa yanachuruzika pembeni, mama anasema amejikata na jembe. Nikamwonea huruma mpaka nikaona aibu kwa furaha yangu. Nikasema, "Basi tuchukue kamba yake, fundi atamshonea kwa kamba."

Baba akasema, "Fundi wa juu hapokei kamba. Anapima mtu."

"Na Oliva je?"

"Oliva atapata." Ndivyo alivyojibu. Mama akaishusha kamba ya Oliva kutoka juu ya moto, akaniwekea mgongoni, akavuta, akapima. "Wako sawasawa," akamwambia baba, "ila mabega. Ya huyu ni membamba." Nikadhani ananitania. Mama alikuwa na mdomo.

Tulipanda lori la mazao. Upepo wa Ufipa mnaujua, unapita kwenye nyasi hizi zisizo na mti hata wa kumkinga sungura. Baba akanifunika koti lake. Njia nzima nilishika rozari ya mbegu niliyopewa siku ya komunyo, nikaomba mguu wa Oliva upone. Nilimwambia Mama Maria kwamba sitaki kwenda shule peke yangu, nitalia usiku.

Tulipofika mbele ya duka, ndipo nilipomwona msichana wa dirishani. Alisimama nyuma ya kioo amevaa gauni la bluu na kola nyeupe. Uso mweupe, macho wazi, hapepesi. Watu wanapita, yeye yuko vilevile. Nikamvuta baba koti.

"Baba, yule kafanya kosa gani?"

"Yupi?"

"Yule waliyemsimamisha."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Yule si mtu, mama. Ni sanamu. Kazi yake ni kuvaa tu."

"Nguo zake mwenyewe?"

"Nguo za watakaonunua."

Nilimwamini nusu. Nilifikiri labda alikuwa msichana aliyetikisika wakati wa kupimwa, wakamwadhibu. Kwa hiyo nilipofikishwa juu nikaamua sitatikisika hata inzi aninywe jicho.

Ngazi zile ndizo za kwanza maishani mwangu. Nilizipanda kwa mikono na miguu kama mbuzi anayepanda jabali, mama mmoja wa Kiswahili aliyevaa baibui akanishika kiwiko, akasema, "Pole pole bibi harusi." Baba akacheka tena. Siku ile alicheka kuliko mwaka mzima. Alinitembeza duka lote. Alimwomba muuzaji aniwashie taa ya chemli nione. Alinisimamisha mbele ya kioo kirefu, nikaona magoti yangu yakinitazama. Alininunulia pipi ya mnanaa na andazi, akakataa nilipommegea. "Kula wewe," akasema. "Tazama vizuri. Tazama kila kitu." Baba yangu, mtu ambaye akiingia dukani alinunua chumvi akatoka, akanipandisha ngazi zile mara ya pili, kwa sababu nilimwambia nimezipenda.

Fundi alikuwa mzee wa pwani, ana miwani iliyofungwa uzi sikioni. Akanizungushia futi yake.

"Simama wima, binti. Ukitikisika pini itakuchoma."

Sikutikisika. Ilinichoma nikanyamaza.

"Huyu mtoto vipi, hapumui?" fundi akamwuliza baba.

"Anapumua. Achia kidogo mabegani."

"Mabegani limemtosha, mzee."

"Achia," baba akasema. "Inchi moja."

Fundi akanitazama, akamtazama baba, akaandika kwa chaki kwenye kitambaa. Mimi nikafurahi. Nikasema moyoni, baba anataka nikue, nivae mpaka nimalize shule. Niliyatanua mabega kumwonyesha kwamba nitakua.

Gauni lilishonwa siku ileile, tukingoja kwenye benchi. Bluu, kola nyeupe. Likafungwa karatasi ya kaki na uzi. Nililibeba kichwani mwenyewe, nililala nalo kwa ndugu zetu wa Mollo tulikopumzika, nikalibeba tena kesho yake. Na tulipofika kwenye kijito cha kijiji, mnajua nani alikuja mbio kutupokea? Oliva. Mbio, kwa miguu miwili, mtungi kichwani, hana hata kitambaa.

Nilipiga magoti palepale kwenye tope. Rozari yangu ilikuwa imejibiwa. Oliva akaniangalia, kisha akamwangalia baba, kisha akaangalia maji. Nikadhani naye amepigwa na muujiza.

Tukaingia ndani. Baba akasema, "Mpe mwenzako."

Nikampa. Niliona ni sawa aangalie kwanza, kwa kuwa hakwenda. Oliva akafungua karatasi taratibu bila kuchana, akalitoa gauni, mama akamvalisha. Mabegani lilimkaa kama ngozi yake. Mama akapiga kigelegele kimoja. Mimi nikasimama nangoja avue, ili nami nijaribu. Niliinua hata mikono kidogo, mnajua mtoto anavyoinua mikono akisubiri kuvalishwa. Mama akageukia chungu. Baba akatoka nje. Oliva hakuvua.

Nilimfuata baba kwenye ghala. Nikamwambia, "Baba, wamekosea."

"Hawajakosea, mama." Alikuwa ameshika mpini wa jembe, anaukwaruza kwa kucha. "Ulezi umetosha mtoto mmoja. Oliva hana baba. Nikimpeleka wa kwangu nikamwacha wa marehemu, watasema nimekula mtoto wa kaka yangu. Wewe unaye mimi."

"Na mimi nitakwenda lini?"

"Tutaona ulezi wa mwakani."

Wa mwakani ulipovunwa, nafasi yangu kule shuleni ilikuwa imeshapewa mwingine. Niliishia la nne. Kuandika huku mnakokuona nimejifunza kwa kuwasimamia watoto wangu wakifanya kazi za shule, nikijifanya nakagua.

Sitasema nimeishi vibaya. Nimeolewa, nimezaa, nimelima, nimeuza ulezi na pombe, nimesomesha. Binti yangu ni mkunga, na mjukuu wangu Neema anavaa koti jeupe la maabara. Hakuna hata mmoja nyumbani kwangu aliyepimwa nguo ya mwenziwe, na nilisema hivyo mbele ya mume wangu siku niliyojifungua wa kwanza, naye akafikiri ni uchungu unanisemesha.

Na duka nalo likaenda njia zake. Serikali ilipochukua maduka likawa la umma. Vioo vilibaki, nyuma yake hakuna kitu. Tulipanga foleni mimi nikiwa na mimba, nikapewa ndala mbili za mguu wa kushoto, nikaambiwa nishukuru. Nikavaa, ningefanyaje. Nilipita kumwangalia yule msichana wa dirishani, walikuwa wamemvua gauni, amesimama uchi na vumbi, macho wazi. Baadaye biashara zikafunguliwa, wajukuu wa mwenye duka wakaligawa vibanda: mitumba, mikoba, simu. Vioo vikapasuka, wakapigilia mbao. Ngazi zikawa ghala la viroba. Mwishoni wakauza kiwanja, linakuja jengo refu.

Miaka yote hiyo nilimsamehe baba kwa kitu kimoja tu. Nilijiambia siku ile aliniacha nijidanganye, lakini hakunidanganya. Alisema ukapimwe gauni la shule, nikapimwa gauni la shule. Mguu wa Oliva ulikuwa mkosi, fundi hakupokea kamba, mambo yakaangukia hivyo. Na pia nilikuwa na muujiza wangu. Huo hakuna aliyeninyang'anya. Niliwasimulia wanangu, nikawasimulia wajukuu, jinsi nilivyomponya Bibi Oliva kwa rozari juu ya lori la mazao.

Oliva ndiye aliyenipigia simu mwezi uliopita. Ni mwalimu mstaafu, amejenga hapa mjini, magoti yamemchakaa anatembelea fimbo. Akasema, "Wanavunja Duka la Vioo. Njoo tulizike." Nikaja na Neema. Tukakaa kwenye hoteli ya ng'ambo, chai ikaletwa, katapila likaanza.

"Pale ndipo liliposhonwa gauni langu la shule," Oliva akamwambia Neema. "Lilinikaa utadhani nilipimwa mwenyewe."

Alilisema hivihivi, anapuliza chai. Neema, mtoto mwenye adabu lakini ana mdomo wa mama yangu, akasema, "Shikamoo mguu, bibi. Si ndio ule bibi yangu aliouponya siku ile kwa rozari?"

"Mguu gani?"

"Uliojikata na jembe."

Oliva akaweka kikombe chini. "Mwenzangu," akasema, "wewe mpaka leo unaamini ule mguu ulikuwa na kidonda?"

Katapila lilikuwa linapiga kelele, nikafikiri sikusikia. Akakisogeza kiti.

"Mguu haukuwa na kitu. Baba mdogo alinifunga kitambaa kabla hujaamka. Akaniambia, wewe utakwenda shule, mwache mwenzako akaone duka. Akasema tukienda wote wawili utajua palepale, na hutaona chochote kwa machozi. Alitaka uwe na siku moja nzuri."

"Na mama?"

"Mama ndiye aliyetwanga majani."

Neema akaacha kutafuna. Nikakumbuka koti la baba kwenye lori. Nikakumbuka *kula wewe, tazama kila kitu*. Nikakumbuka nilivyopiga magoti kwenye tope, na watu wawili wanaonijua kuliko mtu yeyote duniani wakiniangalia nikimshukuru Mama Maria kwa majani ya kutwanga.

"Na umekaa nalo miaka yote hii," nikamwambia.

"Aliniapisha."

"Amekufa, Oliva. Tumemzika wote. Ulishika sepetu."

"Niliona unaupenda ule muujiza," akasema. "Kila Krismasi unausimulia. Ningekuachia nini?"

Sikumpiga, ingawa mkono ulijua njia. Nilitazama mbele. Ukuta ulikuwa umekwisha, ngazi zimebaki peke yake, zinapanda hewani hazifiki popote. Vijana wa kuokota vyuma walikuwa wanapita chini yake. Nilichokihesabu moyoni si kitu kingine ila huyo baba yangu, mtu wa kugawa kwa haki, aliyekaa kwenye ghala lake akatazama watoto wawili na ulezi wa mtoto mmoja, akagawa. Oliva akampa shule. Mimi akanipa duka. Akaona tumetoka sawa.

"Bibi," Neema akasema, "twende nyumbani?"

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Shule ya Oliva bado ipo. Ukipita pale asubuhi unawasikia wasichana wakiimba, na magauni yao bado ni ya bluu. Katapila likarudi nyuma, likashusha jino, likavuta ngazi zangu. Nilikaa nikatazama vizuri, kila kitu, kama nilivyoambiwa, mpaka fungu langu lote likawa chini.